Tazama Kwanza: Kilio cha Jioni cha Mtoto Mchanga

Mhadhara kwa wazazi na walezi wa Kaloleni, Kisumu

  

Mwenyekiti aliniuliza kwa nini nimetaka tukutane saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wametoka soko la Kibuye wamechoka na jua kali, badala ya asubuhi. Nilimjibu kwamba jambo nililokuja kulisema halina asubuhi. Lina saa hizi: taa zinapowashwa, sufuria ikiwa jikoni, mwadhini akijiandaa kwa magharibi. Kwa hiyo mtoto akilia nikiwa nazungumza, mama asitoke naye nje. Mtoto huyo ni shahidi wangu.

Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto hadi nilipostaafu, na sidhani kuna lalamiko lililonifikia mara nyingi kama hili: "Sista, mtoto wangu ana tumbo." Ukiuliza, unaambiwa mtoto ananyonya, uzito unapanda, mchana hana neno. Ikifika jioni uso unaiva, ngumi zinakazwa, magoti yanavutwa hadi tumboni, na kinatoka kilio ambacho mama hawezi kukifananisha na cha njaa. Saa moja inapita, ya pili, ya tatu. Kisha ghafla kimya, kama redio iliyozimwa. Kesho yake, saa ile ile, tena.

Pwani wakunga wanaliita jambo hili chango. Hapa kwetu tunasema tumbo linamsokota. Madaktari wanasema koliki, neno lenye asili ya Kigiriki, na huko kwao lilihusu utumbo mpana. Majina haya yote yamekata kesi kabla ya kusikiliza mashahidi: yamekwisha sema mwenye makosa ni tumbo. Mtu akishaamini hivyo, hatua inayofuata anaijua bila kufundishwa. Atatafuta kitu cha kupitisha mdomoni kiende kulituliza tumbo hilo.

Jina la mtaa wetu lina jamaa. Iko Kaloleni ya Kilifi, iko ya Nairobi. Mgiriama akilisikia neno hili halihitaji kufasiriwa. Kwake ni kama kusema: nendeni mkatazame. Basi mhadhara wangu wote jioni hii ni jina la mtaa wenu. Kabla ya kumtia mtoto kitu mdomoni, mtazame.

Kilio chenye kalenda

Tuanze na waliotazama kabla yetu. Mwaka 1954 daktari wa watoto Morris Wessel na wenzake wa New Haven, Marekani, walitaka kukubaliana ni mtoto yupi hasa wanayemzungumzia. Wakaweka mipaka: mtoto mwenye afya, anayekua vizuri, lakini analia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Ndiyo kanuni ya tatu-tatu ambayo sisi wauguzi tulikaririshwa chuoni.

Mwaka 1962 mwenzao T. Berry Brazelton alifanya jambo rahisi ambalo yeyote kati yenu angeweza kulifanya. Aliwaomba akina mama 80 waandike kila siku watoto wao walilia lini na kwa muda gani. Alipoyaweka pamoja maandishi hayo, akapata umbo la mlima. Kilio kinaanza kupanda mtoto akiwa na wiki 2 au 3. Kinafika kileleni karibu na wiki ya 6. Kisha kinateremka, na kufikia mwezi wa 3 kimekuwa kidogo. Ajabu ni kwamba hawa walikuwa watoto wazima, wasio na maradhi, na katika wiki ya 6 mtoto wa wastani alikuwa akilia karibu saa 2 na dakika 45 kwa siku, nyingi zikiwa za jioni.

Mwaka 2017 Dieter Wolke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walikusanya rekodi za watoto zaidi ya 8,000 kutoka nchi kadhaa. Katika wiki 6 za mwanzo, watoto walilia kwa wastani wa saa 2 hivi kwa siku. Waliovuka mpaka wa Wessel walikuwa takribani mtoto 1 kati ya 4 au 5. Walipofika wiki ya 10 hadi 12, waliobaki katika kundi hilo hawakufika hata 1 kati ya 100. Hawakutibiwa wote, kalenda ilifika tu.

Na aliyezaliwa kabla ya wakati naye ana kalenda yake. Usihesabu kutoka siku aliyotoka tumboni. Hesabu kutoka tarehe aliyotarajiwa. Kwa hiyo mtoto aliyewahi kwa miezi miwili anaweza kufika kileleni wakati wenzake wameshashuka, na mama yake akadhani ameharibikiwa na kitu.

Siku hizi wataalamu hawamlazimishi mama kushika saa. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2016, unaojulikana kama wa Roma, unauliza mambo machache tu: je, kilio kilianza na kitakwisha kabla ya miezi 5? Kinajirudia, ni kirefu, hakina sababu inayoonekana na hakibembelezeki? Mtoto anakua vizuri, hana homa wala ugonjwa? Ikiwa ndivyo, hiyo ni koliki. Angalieni basi ilivyo: koliki ni jina unalolitoa mwishoni, baada ya kutazama kila kitu kingine na kukikosa. Sisi tunalitoa mwanzoni.

Chanzo ni nini?

Watu wanataka jibu moja, nami sina jibu moja la kuwapa. Nina la kuwaambia kuhusu kila mshtakiwa.

Wa kwanza ni gesi. Mtoto analia, tumbo limejaa kama ngoma, anatoa hewa, ananyamaza. Inaonekana kesi imekwisha. Lakini tazameni mpangilio: mtoto anayelia kwa saa nzima humeza hewa kwa kila mkupuo. Gesi nyingi tunayoiona ni mtoto wa kilio, si mama yake. Kumcheulisha baada ya kunyonya ni jambo jema, endeleeni. Ila msitarajie kwamba mbweu mmoja utazima jioni nzima.

Wa pili ni chakula cha mama. Nimewaona wanawake waliokatazwa maharagwe, kabichi, omena, machungwa, hata chai, wakabaki na ugali na maji moto, ilhali wananyonyesha. Ushahidi wa kuwanyima vyakula hivyo vyote ni mwembamba sana. Wako watoto wachache ambao miili yao inakataa protini ya maziwa ya ng'ombe, hata ikiwafikia kupitia titi la mama. Hao mara nyingi huonyesha alama nyingine: damu kwenye kinyesi, vipele vya ngozi, kutapika sana, uzito kugoma. Mtoto kama huyo apelekwe akaangaliwe. Wengine wote, mama ale ashibe. Na msiharakishe kumhamishia mtoto kwenye maziwa ya kopo, kwa sababu wa chupa na wa titi wanapata koliki sawasawa.

Wa tatu ni vijidudu vya utumboni, vile vyema vinavyosaidia kusaga chakula. Watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 2013 kwamba watoto wenye koliki walikuwa na mchanganyiko tofauti wa vijidudu tangu wiki za mwanzo. Ni njia inayofuatiliwa kwa makini. Mjini Torino, Italia, matone yenye kijidudu kinachoitwa Lactobacillus reuteri yalipunguza kilio cha watoto wanaonyonya titi. Jaribio kubwa la Australia la mwaka 2014, lililochanganya wa titi na wa kopo, halikuona faida. Matone hayo yana bei. Ukishauriwa na daktari na pesa unayo, sawa; usiuze kuku kwa ajili yake.

Wa nne ni ubongo wenyewe. Mtoto wa wiki 6 hana bado saa ya ndani inayotenganisha usiku na mchana, na hajui kujituliza akishachemka. Siku nzima ameona nyuso, amesikia pikipiki, amepitishwa mikono kumi. Jioni kikombe kinafurika. Tena imeonekana kwamba mama mwenye kipandauso ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mtoto mwenye koliki, jambo linalotuambia kwamba kwa baadhi ya watoto shina huenda liko kichwani kuliko tumboni.

Wa tano, na huyu nitakaa naye kidogo, ni jirani. Kwa Kiluo tuna sihoho, kwa Kiswahili kuna kijicho. Sikuja hapa kumcheka mtu. Nimekulia katika nyumba iliyoamini hivyo na nilifungwa uzi kiunoni kama wengi wenu. Naomba tu tutazame saa. Watu wanakuja kumwona mtoto saa ngapi? Jioni, wakitoka sokoni. Mtoto wa wiki 5 analia saa ngapi? Jioni, awe ametembelewa au hajatembelewa. Basi kila siku kuna mwanamke aliyepita mlangoni saa kumi na moja, na kila siku kuna kilio saa kumi na mbili. Ukitafuta wa kulaumiwa hutamkosa. Mama anafunga mlango, anaanza kumficha mtoto, na hivyo anaifukuza mikono ile ile ambayo ingempokea mtoto apumzike. Hasara ya sihoho naiona hapo.

Si kila kilio ni chango

Nitawaambia kosa langu. Kituo sikitaji, kwa sababu kosa lilikuwa la mtu na mtu huyo ni mimi. Alikuja mama mdogo na mtoto wa wiki 7. Foleni ilikuwa ndefu. Nikauliza analia lini, akasema jioni. Nikauliza ananyonya, akasema ndiyo. Nikamwambia ni koliki, itapita, nikaita mwingine. Siku mbili baadaye akarudi mbio na mtoto anayetapika. Tulipofungua nepi tukaona ngiri kwenye kinena, ngumu, imebanwa. Alipasuliwa siku hiyo, akapona. Ningemvua nguo mara ya kwanza, ningeiona.

Basi mtoto akilia kilio msichokizoea, mvueni nguo zote mahali penye mwanga. Tazameni kinena na korodani. Tazameni vidole vya miguu na mikono kimoja kimoja, maana unywele au uzi wa soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole ukakikata damu. Tazameni masikio, kinywa, ngozi. Pimeni joto.

Mtoto wa chini ya miezi 2 asisubiri asubuhi ikiwa amekataa kunyonya, amepata degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, joto limefika nyuzi 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, au amelegea hadi hajisogezi asipoguswa. Kwa mtoto wa umri wowote, ongezeni matapishi ya kijani, tumbo gumu linalovimba, na kinyesi chenye damu na ute mfano wa jeli nyekundu. Hizo si dalili za chango. Pandeni boda, nendeni kituo kilicho karibu, au hospitali kuu ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Na kwa sisi tunaoishi kando ya ziwa, penye mbu mwaka mzima, homa ya mtoto inahitaji kipimo cha malaria. Haihitaji kubahatisha.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ni la kwetu hasa. Nyanda hizi za ziwa zina selimundu kwa wingi, kwa sababu malaria imeishi nasi vizazi na vizazi, na mwenye kurithi nusu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anayerithi pande zote mbili ndiye anayeugua. Mtoto huyo huzaliwa na damu ya kitoto inayomkinga, nayo hupungua polepole, kwa hiyo maumivu mara nyingi huanza karibu na mwezi wa 6. Wekeni kalenda mbili kando kwa kando. Koliki inaaga mwezi wa 3 au wa 4. Selimundu inabisha hodi karibu na wa 6. Mama akiniambia mtoto wa miezi 8 "chango limerudi", na viganja au nyayo zimevimba, moyo wangu unashtuka. Chango halirudi. Huyo apimwe damu.

Tunavyowatia mdomoni

Sasa tufungue kabati.

Chupa ya kwanza, kwa kila kemisti na kila duka la rejareja, ni gripe water. Ina historia. Mwaka 1851 William Woodward, mwuza dawa wa Nottingham, Uingereza, alianza kuitengeneza, akiwa ameiga dawa waliyopewa watoto wenye homa ya kinamasi mashariki mwa nchi ile. Yaani babu wa dawa hii ya tumbo alikuwa dawa ya homa, huenda ya malaria. Ndani alitia mafuta ya mbegu za shibiti, magadi laini, sukari na pombe, kiasi cha asilimia 3.6. Watoto walitulia, na sasa mnajua kwa nini. Uingereza iliiondoa pombe mwaka 1992. Za siku hizi nyingi hazina kileo. Someni kibandiko muhakikishe. Mbegu za shibiti ndizo zile zile ambazo nyanya wa Mombasa humchemshia mtoto mwenye chango. Dawa ya Nottingham na dawa ya Mombasa ni ndugu, na hakuna hata moja iliyothibitishwa kwamba inaponya koliki. Matone ya kupunguza gesi yenye simethikoni nayo, yalipolinganishwa na maji matupu ya kudanganyia, hayakushinda.

Mtaniuliza: mbona wangu alipona? Alipona. Fikirini mlivyomtibu. Wiki ya 4 mlimpa hii, haikufaa. Wiki ya 6 mkabadili, haikufaa. Wiki ya 8 mkapewa nyingine na shangazi. Wiki ya 10 akanyamaza. Dawa ya mwisho ndiyo inayosifiwa mtaa mzima, na ubaya wake ni kwamba jirani ataianza kwa wake wiki ya 2.

Kisha kuna yath nyaluo, dawa zetu za mizizi na majani. Mitishamba mingine ina nguvu, nami naiheshimu; nguvu hiyo ndiyo inayonitia hofu. Kipimo ni kiganja, maini ya mtoto ni machanga, na maji yaliyochemshiwa ni ya mji ambao kipindupindu kimeutembelea zaidi ya mara moja. Maji ya sukari hutuliza kwa dakika chache tu, na shida ya maji ni ile ile. Asali asipewe mtoto hadi atimize mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinacholegeza misuli hadi ile ya kupumulia. Jirani zangu Waislamu, tahniki asili yake ni tende, nayo ni chembe tu ya kumpaka mchanga kinywani. Basi asali ibaki kwenye chai ya wakubwa. Dawa za mafua zinazoleta usingizi, zile anazopewa mtoto ili nyumba ilale, zinaweza kumlaza moja kwa moja. Na ikiwa mtu atawaambia mtoto analia kwa sababu ya meno ya plastiki yanayopaswa kung'olewa kwenye ufizi, kama inavyofanywa sehemu za Uganda na Tanzania, ondokeni kwake. Ule weupe ni jino changa lililo mahali pake.

Kila kijiko cha vitu hivi kinachukua nafasi ya maziwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba nchini Kenya ni watoto 6 katika kila 10 walio chini ya miezi 6 wanaonyonyeshwa tu, bila kitu kingine. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2012 ya kudhibiti maziwa ya kopo yasitangazwe kwa akina mama. Dhidi ya kijiko cha shangazi hatuna sheria. Tuna macho yetu.

Mikono

Mwaka 1986, Montreal, Canada, Urs Hunziker na Ronald Barr waliwaomba akina mama wawabebe watoto wao angalau saa 3 kwa siku, hata wasipolia. Walipofika wiki ya 6, watoto hao walikuwa wakilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Sikilizeni vizuri: hao walikuwa watoto wa kawaida. Ilipojaribiwa kwa ambao koliki ilishawakamata, kubebwa zaidi hakukuleta tofauti ya maana. Barr akaenda mbali zaidi, akachunguza rekodi za jamii ya Wakung wa Kalahari, ambako mtoto hubebwa karibu mchana kutwa na kunyonya mara kadhaa kwa saa. Matokeo aliyachapisha mwaka 1991. Watoto wale nao walilia, na mara nyingi vile vile, na kilio chao nacho kilikuwa na kilele. Tofauti ilikuwa kwamba kila kilio kilikuwa kifupi. Leso haiondoi mlima, inapunguza urefu wa njia.

Kwa hiyo jioni ikifika, fanyeni hivi. Kwanza titi, hata kama alinyonya muda si mrefu. Nepi. Kisha joto: hapa Kisumu nakuta mtoto kavalishwa sweta mbili, kofia ya sufu na blanketi, mama mwenyewe anajipepea kwa gazeti. Mpunguzieni. Kisha zimeni televisheni, punguzeni taa, mtu mmoja ambebe kifuani au kwa leso, atembee. Watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani walipima mapigo ya moyo mwaka 2022 wakaona kwamba kumbeba mtoto ukitembea bila kusimama kwa dakika 5 kuliwatuliza wengi na wengine wakalala. Akishalala, keti naye dakika 5 hadi 8 ndipo umlaze. Akilala, alale chali. Jaribuni jambo moja kwa dakika kumi kabla ya kubadili. Kumpitisha kutoka mkono huu hadi ule, kila mtu na mtikiso wake, kunamchemsha zaidi.

Wako watakaowaambia mnamdekeza, na watawatajia methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya mtoto anayejua anachokitaka na anachokatazwa. Wa wiki 6 hajui kimoja wala kingine. Mbebeni bila hofu.

Na usiku mmoja utafika ambapo hakuna kitakachofaa. Umelala saa mbili, ukuta wa jirani unagongwa, mtoto anapiga kelele sikioni mwako, na mikono yako inataka kumtikisa. Mwaka 1971 daktari wa upasuaji Norman Guthkelch wa Hull, Uingereza, aliandika jinsi mtikiso tu, bila kipigo, unavyoweza kupasua mishipa ndani ya kichwa cha mtoto. Shingo yake haina nguvu, kichwa chake ni kizito. Baadaye ilionekana kwamba umri wa watoto wanaoletwa hospitali kwa kutikiswa unafuata mlima ule ule wa kilio, ukichelewa kidogo tu. Wanaowatikisa wengi si majambazi. Ni watu waliochoka. Basi ukifika hapo, mlaze chali mahali salama, funga mlango, toka nje, vuta pumzi dakika kumi. Kilio hakimwui. Rudi ukiwa umetulia, au mwite mtu.

Wa kumwita ni nani?

Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inampa baba wiki 2 za likizo mtoto akizaliwa. Rudini kwenye mlima wa Brazelton: kilio kinaanza kupanda wiki ya 2. Baba anarudi kazini mlima ukianza. Mama ana miezi 3, karibu urefu wote wa kilio, na ataupitia peke yake katika chumba kimoja. Hao ni wa ajira za maandishi. Mama anayeuza mboga Kibuye hana hata hizo. Zamani dani, yaani nyanya, angekuwepo. Leo dani yuko Bondo au Ahero, anatumiwa salamu kwa simu.

Akina baba wa viti vya mbele, naomba kwenu kitu kimoja chenye saa. Kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, mtoto awe wenu, kwa muda wa wiki 8. Mpira wa Uingereza mnaweza kuutazama mkiwa mmebeba. Jirani, ukisikia kilio ukutani, usigonge. Bisha hodi useme, nipe nimshike uoge. Na mama akiacha kula, akilia bila sababu siku baada ya siku, akisema hamtaki mtoto au hataki kuishi, hilo halisubiri mwezi wa 3. Mhudumu wa afya ya jamii aitwe siku hiyo, apelekwe kliniki. Anahitaji matibabu, naye hupona.

Hapo nilikuwa nimefika mwisho wa mhadhara, ndipo bibi mmoja aliyekaa karibu na dirisha akainua mkono. Alisema amekuwa nyamrerwa, amezalisha watoto wengi. "Sasa mwanangu, umetunyang'anya majani, umetunyang'anya chupa, umetunyang'anya asali. Mama akija kwangu na mtoto analia, nimpe nini?"

Nilimwuliza: wanapokuja, wewe hufanya nini kabla ya kuchuma majani? Akafikiri. Akasema humpokea mtoto, humvua, humlaza mapajani, humpapasa mwili mzima polepole akimtazama, na humwambia mama akalale kwanza.

Nikamwambia: hiyo ndiyo dawa, dani. Endelea kuitoa. Majani yabaki mtini.